Mpira wa kampuni kubwa, ya kati au chapa ndogo? Ulinganisho kwa mcheza bolingi na mwenye duka

Mzee mmoja kutoka Bukavu, tunayecheza naye ligi ya Jumatano hapa Grand Rapids, Michigan, aliingia kwenye duka la mipira ya bolingi akiwa amekumbatia boksi. Ndani mlikuwa na mpira mpya wa chapa ambayo fundi wetu hakuwahi kuitoboa mashimo ya vidole hata mara moja. Aliuagiza mtandaoni kwa kuwa rangi yake ilimvutia, na bei ilikuwa chini kidogo ya ile ya mipira iliyopangwa rafuni. Akaniuliza, "Mwanangu, nimepata mpira ao nimepoteza pesa?" Nikamjibu, "Mzee, mpira unaonekana mzuri. Kazi ni kujua tuutoboe vipi."

Nasaidia kwenye duka hilo jioni mbili kwa wiki, na swali lake nalisikia mara kwa mara. Upande wa pili wa kaunta kuna swali kama hilo: je, duka liweke chapa ndogo rafuni, au pesa yote iende kwa majina yanayojulikana? Maswali haya mawili yamefungwa kamba moja. Mchezaji haulizi asichokiona, na duka haliagizi kisichoulizwa. Chapa ndogo imekwama hapo katikati, hata kama mpira wake ni mzuri. Kwa hiyo nalinganisha makundi matatu kwa ajili ya wote wawili, mnunuzi na mwenye duka.

Nani ni nani

Kampuni kubwa ni familia mbili. Ya kwanza ni Brunswick, jina lililoanzishwa Cincinnati mwaka 1845 na John Moses Brunswick, mhamiaji kutoka Uswisi. Novemba 2019 ilinunua Ebonite International, na kwa ununuzi huo mmoja Ebonite, Hammer, Columbia 300 na Track zikaingia nyumba moja na Brunswick yenyewe, DV8 na Radical. Familia ya pili ni Storm ya Brigham City, Utah, ambayo ina Roto Grip na, tangu mwaka 2020, 900 Global. Ukihesabu, hayo ni majina kumi na wenye mali wawili. Wateja wengi husimama mbele ya rafu wakiamini wanachagua kati ya kampuni kumi zinazoshindana.

Kundi la kati nalieleza kwa mfano mmoja, MOTIV ya Spring Lake, mji ulio karibu na Ziwa Michigan, chini ya saa moja kwa gari kutoka kwetu. Haimo katika familia yoyote kati ya zile mbili, ina kiwanda chake, na imefika mbali: EJ Tackett, aliyekuwa Mchezaji Bora wa Mwaka wa PBA, chama cha wacheza bolingi wa kulipwa, mwaka 2016 na tena 2023, anatupa mipira ya MOTIV.

Kundi la tatu ni chapa ndogo. Humo wamo Lane #1, inayojulikana kwa kiini (uzito uliofichwa ndani ya mpira) cha umbo la almasi, Swag, na nyingine ambazo orodha yao ya mipira ni fupi na jina lao halitajwi sana kwenye televisheni. Nyingi kati ya chapa hizi hazina kiwanda. Zinabuni kiini, zinachagua gamba, yaani tabaka la nje, kisha zinalipa kiwanda cha mtu mwingine kumimina mipira.

Vigezo

Nimechagua sita, na kila kundi nitalipima kwa hivyo hivyo: kibali cha kuchezea kwenye mashindano, upatikanaji dukani, utoboaji, mwenendo wa mpira kwenye leni, kinachofuata mpira ukipasuka, na bei. Utoboaji na upatikanaji nimevipa nafasi kubwa kwa sababu ndivyo vinavyoamua mambo, ingawa wanunuzi wengi huanza na rangi.

Kibali

Chama cha bolingi cha Marekani, USBC, chenye makao Arlington, Texas, hupima kila mtindo mpya na kuuingiza kwenye orodha ya mipira iliyoidhinishwa. Mpira usiopita paundi 16, kipenyo kati ya inchi 8.5 na 8.595, ugumu wa gamba usioshuka chini ya kiwango, na kiini ambacho tofauti yake ya mzunguko haizidi inchi 0.060: masharti hayo hayabadiliki kwa ukubwa wa kampuni. Chapa ndogo iliyomo kwenye orodha ina haki sawa na Storm. Kabla hujalipa, fungua orodha hiyo utafute jina kamili la mpira. Ni kazi ya dakika mbili, nayo inafaa kufanywa kwa makundi yote matatu.

Ukubwa wenyewe haulindi mtu. Machi 2016 USBC iliondoa kibali cha mipira miwili ya MOTIV, Jackal na Jackal Carnage, kwa kuwa ilizidi ile 0.060. Mwaka 2022 zamu ikawa ya wakubwa. Storm ilipoteza kibali cha Spectre kwa sababu ya gamba laini kuliko inavyoruhusiwa, na mipira mingine sita ya familia hiyo ikazuiwa kwenye mashindano ya kitaifa ya USBC. Mwaka huohuo Hammer ya zambarau ya yurethani (aina ya gamba), ile iliyotengenezwa 2016 na 2017, nayo ikazuiwa huko.

Kundi moja linatofautiana na jingine kwa kinachofuata baada ya pigo. MOTIV iliweka mpango wa kuwabadilishia wanunuzi mipira, ikaendelea kuishi, na leo ina nguvu kuliko wakati ule. Familia kubwa ina mipira mingine mingi ya kuuza wakati mmoja umesimamishwa. Chapa ndogo yenye mipira mitano tu sokoni, ikiondolewa miwili, haina pa kuegemea. Mwenye duka analijua hilo, na mara nyingi ndilo linalomfanya asite kuagiza.

Upatikanaji dukani

Hapa nataka twende taratibu, kwa sababu mchezaji akielewa hesabu ya rafu ataacha kudhani kwamba mpira usioonekana dukani ni mpira mbaya.

Mtindo mmoja wa mpira si bidhaa moja. Mzee wa Bukavu anatupa paundi 14. Kijana wake anatupa 15. Mama anayecheza ligi ya Jumapili anatupa 12. Duka likiamua kuweka mtindo mmoja kwa uzito minne, vipande viwili kila uzito, tayari ni mipira minane, na kwa mpira wa daraja la juu kila kimoja kimekula pesa ya jumla ya kutosha kumuumiza mwenye duka kikilala. Sasa kumbuka kuwa familia mbili kubwa hutoa mitindo mipya mfululizo mwaka mzima, na ya zamani hustaafishwa. Mpira uliokaa rafuni hadi mtindo wake ukastaafu utauzwa kwa bei ya kutupa.

Soko lenyewe limepungua. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Marekani ilikuwa na wanachama wa ligi zaidi ya milioni 9. Leo ni takriban milioni moja. Ligi zikipungua, maduka hupungua nayo, na kila nafasi ya rafuni inagombewa na wengi.

Kampuni kubwa hushinda hapa bila jasho. Muuzaji wa jumla ana majina kumi ghala moja. Duka hupiga simu asubuhi, linachanganya mipira, mifuko, gundi na mikanda ya vidole kwenye agizo moja, na gharama ya usafiri inagawanyika. Wateja wanaingia wakiwa wameshaona mpira huo ukitupwa kwenye fainali ya Jumapili. Fundi mwenyewe pengine ni balozi wa mojawapo ya chapa hizo, anapata mipira kwa punguzo na fulana ya kampuni. Simlaumu. Analipa kodi ya pango kila mwezi.

MOTIV na wenzake wa daraja la kati wanapatikana kwa wauzaji wa jumla wengi, ila orodha yao ni fupi. Duka linaweza kuweka mipira yao mitatu au minne na likawa limefunika mahitaji ya wateja wengi. Kwa duka dogo huo ni unafuu wa kweli.

Chapa ndogo mara nyingi huagizwa moja kwa moja kwa mwenyewe. Boksi nne za paundi 15 ni paundi 60 za mzigo, na usafiri wake unalipwa na mipira hiyo minne peke yake. Mteja hajaisikia. Fundi hajaitupa. Mwenye chapa anapopiga simu, anachomwomba mwenye duka ni abebe hatari ambayo yeye mwenyewe hajaweza kuibeba. Chapa ndogo zinazoelewa hivyo huja na mkono ulionyooshwa: mpira wa bure wa kutobolewa kwa ajili ya fundi, au mipira ya kuachwa dukani na kulipiwa inapouzwa, au siku ya majaribio ambapo wachezaji wanatupa bila kununua. Zile zinazokuja na bango na ahadi ya faida kubwa hazirudi mara ya pili.

Kwa mnunuzi, tafsiri yake ni hii: mpira wa kampuni kubwa utaushika mkononi leo, wa kati huenda ukausubiri siku chache, wa chapa ndogo pengine utaununua kwa kuangalia video tu.

Utoboaji

Mpira wa bolingi unapotoka kiwandani haujakamilika. Ni duara lenye kiini cha umbo maalumu, alama ya pini inayoonyesha kilele cha kiini, na kwa viini visivyo na ulinganifu, alama ya pili ya mahali uzito unapoegemea. Fundi anapima mkono wako, anatafuta mhimili ambao mpira wako unazunguka, halafu anaamua mashimo yakae wapi kulingana na alama hizo. Kosea pima hiyo kwa inchi moja na mpira uleule utakuwa mpira mwingine.

Tangu Agosti 2020 kosa limekuwa ghali zaidi. Zamani fundi aliweza kuongeza shimo la mizani pembeni na kurekebisha mwenendo. USBC ililipiga marufuku, na kila shimo sasa lazima liwe la kushikia. Kurekebisha kumebaki kuziba na kutoboa upya, au kubadili gamba kwa msasa.

Kwa mipira ya kampuni kubwa, fundi ana kumbukumbu mikononi. Ametoboa mingi, ameona inavyotembea kwa wachezaji wa kila aina, na viini vingi hurudi mwaka baada ya mwaka kwa jina jipya na gamba jipya. Anapokuambia mpira huu unachelewa kushika, anasema alichokiona. MOTIV nayo imekaa sokoni muda wa kutosha hadi mafundi wengi wana kumbukumbu hiyo.

Kwa chapa ndogo fundi anaanza na karatasi. Kama chapa imetoa takwimu zote za kiini kwa kila uzito, pamoja na mchoro unaoonyesha mahali pa pini na uzito, fundi mzuri atatoboa kwa uhakika. Kama imetoa picha na sifa tu, anakisia. Nimeona mafundi wakikataa kazi hiyo, na wengine wakitoza zaidi kwa mpira ulioletwa kutoka nje. Naona wana haki: mpira ukitembea vibaya, mteja atamlaumu aliyetoboa.

Hapa namkumbuka Mo Pinel, mbunifu wa viini aliyefariki mwaka 2021. Alikuwa mwalimu wa mafundi. Njia ya pembe mbili ya kupanga mashimo, inayotumika madukani hadi leo, ni kazi yake. Alikuwa na chapa yake ndogo, MoRich, iliyoheshimiwa na watu waliojua ndani ya mpira kuna nini. Chapa hiyo ilifungwa. Baadaye mawazo yake yalitoka chini ya jina la Radical, mipira ikitengenezwa na Brunswick. Akili ilikuwa ileile, na safari hii kulikuwa na kiwanda na magari ya kuisambaza. Nikitaka kumweleza mtu shida ya chapa ndogo kwa mfano mmoja, natumia huo.

Mwenendo kwenye leni

Leni ina futi 60 kutoka mstari wa kurushia hadi pini ya mbele, na mbao 39 kwa upana. Mafuta hupakwa sehemu ya mwanzo, na gamba la mpira ndilo linaloamua kwa kiasi kikubwa mpira utashika wapi. Plastiki huenda moja kwa moja, yurethani hupinda mapema na kwa upole, rezini huteleza kisha hukata kona kwa nguvu.

Tukiangalia historia, chapa ndogo hazina cha kuonea aibu. Kweli, yurethani ilifunguliwa njia na jina kubwa, AMF, kwa mpira wake wa Angle wa mwaka 1981. Lakini Faball, kampuni ya Baltimore, ndiyo iliyoifanya Hammer kuwa jina la kuheshimiwa miaka ile ya 1980. Na rezini, inayotawala kila rafu leo, iliingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa mpira wa X-Calibur wa Nu-Line, jina ambalo vijana wa ligi yangu hawajawahi kulisikia. Mipira iliyogeuza mchezo imewahi kutoka vibandani, na wakubwa wakaifuata.

Leo, ukichukua mipira mitatu ya rezini yenye viini vinavyofanana kutoka makundi haya matatu, ukaipiga msasa wa namba ileile na kuitoboa kwa mpangilio mmoja, mchezaji wa wastani hataona tofauti kubwa. Msasa wa 500 dhidi ya 3000 hubadilisha mpira kuliko jina lililochorwa juu yake. Nalisema hili kwa kila mteja, na wengi hawaniamini hadi waone.

Ubora wa kampuni kubwa uko kwenye ngazi. Wana mpira wa mafuta mengi, wa kati, wa machache, na wa kati ya hiyo, hivyo anayejenga mfuko wa mipira minne au mitano anapata kila pengo limezibwa na watu waliokwisha linganisha mpira mmoja na mwingine. MOTIV ina ngazi hiyo kwa hatua chache zaidi. Chapa ndogo mara nyingi ina mipira miwili au mitatu inayofanya kitu kimoja vizuri sana. Lane #1, kwa mfano, imeshikilia kiini chake cha almasi kwa miaka mingi, na waliokipenda hawataki kusikia kingine. Chapa ya namna hiyo inakupa mpira wenye tabia yake, na ngazi unaijenga mwenyewe kwa kuchanganya.

Ukipasuka

Mpira wa rezini hupasuka. Uache kwenye buti ya gari usiku wa Januari hapa Michigan, kisha uuingize ndani kwenye joto, na huenda ukasikia mlio ambao hutausahau. Mashimo yaliyotobolewa karibu mno, au gundi iliyokazwa vibaya, navyo husababisha. Mara nyingine ni kasoro ya kiwandani.

Kwa kampuni kubwa na ya kati utaratibu ni wa kawaida: duka linapiga picha, linatuma namba iliyochongwa kwenye mpira, na ikikubaliwa unapata mwingine kupitia muuzaji wa jumla. Soma muda wa waranti kwenye karatasi, hasa inahesabiwa kuanzia siku gani. Gharama ya kutoboa tena mara nyingi ni yako.

Kwa chapa ndogo, simu inapokelewa na mwenye chapa mwenyewe. Nimeshuhudia mpira mbadala ukitumwa siku hiyohiyo, na mwenye chapa akampigia mteja kumuuliza ulipasukia wapi, kwa sababu alitaka kujifunza. Nimeshuhudia pia simu isiyopokelewa tena. Chapa ikifungwa, waranti inafungwa nayo. Na kwa kuwa nyingi zinategemea kiwanda cha kukodi, kuna hatari ya pili: kiwanda kikiacha kuwamiminia, mpira mbadala wa aina ileile hautapatikana hata kama nia ipo.

Bei

Mpira mpya wa rezini wa daraja la juu huku Marekani unazunguka dola 200 na kupanda, ukiacha utoboaji na vifaa vya vidole. Watu hudhani chapa ndogo lazima iwe nafuu. Si lazima. Anayemimina mipira michache analipa zaidi kwa kila mmoja, na akiuza nafuu sana anajiua. Ukiona nafuu, mara nyingi ni kwa sababu inauzwa mtandaoni bila duka katikati, na gharama ya fundi itakusubiri mlangoni. Nafuu ya kweli iko kwa kampuni kubwa, kwenye mipira iliyostaafishwa mwaka jana. Kuuza mpira uliotumika nako ni rahisi kwa jina linalojulikana, na ni kugumu kwa chapa ndogo, isipokuwa umpate shabiki wake.

Uchague lipi, kulingana na hali yako

Kama ndio kwanza unaacha mipira ya kukodi, ingia duka la karibu na ununue kile ambacho fundi wao anakijua vizuri, cha kampuni kubwa au ya kati. Katika hatua hii mkono wako unabadilika kila mwezi, na unachohitaji ni fundi atakayekukagua tena vidole baada ya wiki sita. Rezini ya bei ya kati, uzito unaouweza kwa michezo mitatu mfululizo, basi.

Kama unacheza ligi mara moja kwa wiki kwenye mafuta ya kawaida ya ukumbi na tayari una mpira mmoja unaoupenda, hapa ndipo chapa ndogo inapopendeza. Unatafuta mpira wa pili unaofanya kitu tofauti, na huna pengo la kuzibwa haraka. Mwulize fundi kabla ya kulipa kama yuko tayari kuutoboa, mpelekee karatasi ya takwimu, na mwambie ukweli kwamba umeagiza nje. Ndivyo tulivyofanya na mzee wa Bukavu, ingawa kwa kuchelewa: fundi alimwandikia mwenye chapa, mchoro wa kiini ukaja kesho yake, na mpira ukatobolewa Ijumaa. Unachelewa kushika kuliko alivyotarajia. Tumeupiga msasa mkali zaidi na sasa anautumia michezo miwili ya kwanza, kabla mafuta hayajakauka.

Kama unasafiri kwenye mashindano, ngazi iliyokamilika ya familia kubwa, au ya MOTIV ukipenda orodha fupi, itakuokolea muda. Weka mpira mmoja wa chapa ndogo kama una sababu ya kiufundi, na kagua orodha ya USBC kabla ya kila shindano, kwa mipira yote mfukoni.

Kama unajali pesa kuliko yote, tafuta mtindo uliostaafishwa wa kampuni kubwa au ya kati wenye uzito wako. Kwa mpira wa pini iliyobaki pembeni, plastiki ya jina lolote inatosha.

Kama wewe ndiye mwenye duka na mtaji ni mdogo, usitandaze chapa ndogo tatu kwa pamoja. Chukua moja, uzito wa 14 na 15 pekee, baada ya kudai vitu vitatu: mpira wa fundi wa kuutupa mwenyewe, takwimu kamili za kila uzito, na maandishi yanayosema nani analipa mpira ukirudi umepasuka. Mwenye chapa akisita kwenye la tatu, ngoja. Akikubali yote, mpe miezi sita, na fundi autumie mpira huo mbele ya wateja kwenye ligi. Hakuna tangazo linalouza kuliko mtu wanayemjua akipata straiki nao, yaani akiangusha pini zote kwa mtupo mmoja. Maduka yenye wateja wengi wa mashindano yanaweza kuthubutu zaidi, kwa sababu wachezaji hao huchoka kuona mpira mmoja mikononi mwa kila mtu.

Na kwa wanaosoma wakiwa Nairobi, Muscat, Doha au kwingineko mbali na maduka haya: mtangulize fundi. Uliza kwenye ukumbi wako ni nani anayetoboa, ana mashine na vipimo vya mkono au anafuata mashimo ya mpira wa zamani, na ameshatoboa kiini kisicho na ulinganifu au bado. Kama jibu ni bado, chagua kiini chenye ulinganifu na gamba la kawaida, kutoka kampuni ambayo takwimu zake zinapatikana wazi. Kumbuka pia kwamba mpira wa paundi 15 unaorudishwa Marekani kwa waranti unaweza kugharimu usafiri unaokaribia bei yake, hivyo ahadi ya mwenye chapa, awe mkubwa au mdogo, ipime kwa umbali ulioko.